MCHANGA WA OMAN ULIVYONITIA ADABU!

Leo nakupa mkasa ambao nimeufungia moyoni muda mrefu, na sababu ya kuufungia ni moja tu: Mama yangu hununua gazeti hili kila wiki. Basi Mama, ukifika hapa vuta kiti ukae kwanza. Mwanao ni mzima, na aliyemwokoa ni kaka yako.

Pale kijiweni kwetu Buguruni kila mtu ni dereva. Hata asiyewahi kumiliki baiskeli atakueleza namna ya kuchomoa lori kwenye matope. Mimi nilikuwa mmoja wa mabingwa hao. Tangu nimalize kidato cha nne nimeendesha kirikuu cha kubebea mizigo ya sokoni. Nimekwama kwenye mchanga Mbagala, nimekwama Kigamboni hatua chache kutoka baharini, na kote huko nilitoka. Kwa hiyo Septemba mwaka 2024, nilipopanda ndege kwenda Oman kumtembelea Mjomba, niliamini kwamba mchanga ni mchanga tu.

Wee! Acha kabisa.

KISWAHILI JANGWANI

Kwanza nikueleze huyu Mjomba. Aliondoka Unguja mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 14, na Mama alikuwa bado anabebwa mgongoni. Si yeye peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman walitawanyika, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 wengi wao walikwenda kuanza maisha huko. Uhusiano wenyewe ni wa zamani zaidi, kwani Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja kiasi cha mwaka 1840. Ndiyo maana ukifika Muscat usishangae kumsikia mzee mwenye kanzu na kofia ya Kiomani akiagiza chai kwa Kiswahili laini kuliko chako wewe wa Bongo.

Mjomba ni wa namna hiyo. Ananiita "mwanangu", na mimi namwamkia "shikamoo Mjomba" kila asubuhi hata kama jana yake tulikesha pamoja. Nyumbani kwake wanapika wali wa nazi, na televisheni inazungumza Kiarabu.

Wikiendi ya kule ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ya kwanza baada ya sala tukapanga safari ya kwenda mchangani. Tulikuwa na magari mawili. Moja ni fowili ya zamani ya Mjomba, ya gia za mkono, na jingine ni la rafiki yake wa siku nyingi. Mimi nilipanda kwa Mjomba pamoja na mkewe na binamu yangu wa miaka 19.

Kutoka Muscat mpaka Al Wasil ni kiasi cha kilomita 200. Unapita kwenye milima mikavu, halafu ghafla mbele yako unaona kitu chekundu kimesimama kama ukuta. Huo ndio mchanga. Zamani paliitwa Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui wa huko, na siku hizi panaitwa mchanga wa Sharqiyah. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 12,500, yaani unaweza kuitia Unguja humo zaidi ya mara saba. Vilima vyake vimepangwa mistari mistari kutoka kaskazini kwenda kusini, na vingine vinafika mita 100. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wanasayansi wa Royal Geographical Society ya Uingereza walikwenda kupachunguza, na wakakuta pana uhai mwingi kuliko mtu anavyodhani.

Mimi siku hiyo sikuona uhai wala nini. Niliona uwanja wa kuonyeshea ubingwa.

UPEPO KWANZA

Kabla ya kuacha lami Mjomba alisimama. Akashuka, akapiga goti kwenye tairi la mbele na kuanza kutoa upepo. Psssss! Nikamwambia, "Mjomba, mbona unalimaliza?" Akacheka.

"Mwanangu, ushawahi kuutazama mguu wa ngamia?"

Nikamwambia ngamia nimemwona kwenye picha tu.

"Mguu wake mpana, laini. Akikanyaga unatandaa kama chapati. Ndo maana hazami. Punda kwato zake ndogo, ngumu, akifika mchangani anatumbukia. Sasa hili gari likija na upepo wa lami ni punda. Mie nataka liwe ngamia."

Tairi zilikuwa na paundi 35. Akazishusha mpaka 16, zote nne, kwa kipimo na si kwa kukisia. Tairi likipungua upepo linarefuka pale linapogusa chini, kwa hiyo uzito wa gari unagawanyika kwenye eneo kubwa. Ndiyo siri yote, msomaji wangu. Watu wanafikiri fowili ndiyo inayoshinda mchanga, kumbe upepo ndio mkubwa wa kazi.

Alipomaliza akafungua boneti. Akaangalia maji ya rejeta, oili na feni belti, akatoa nyasi kavu zilizonasa mbele ya rejeta. Nyuma akachomeka fimbo ndefu yenye bendera nyekundu. Nikamuuliza kama ni ya timu ya mpira. Akasema, "Unapanda kilima upande huu, mwenzio anapanda upande ule. Hamwonani. Bendera inaonekana kabla ya gari."

Siku ile ya Ijumaa nilishika usukani yeye akiwa pembeni yangu, na mambo yalikuwa murua. Alinipa masharti, nami nikaitikia "ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba" huku nusu yake yakitokea sikio la pili.

Aliniambia nikitaka kusimama nisikanyage breki. Niachie mafuta tu, gari litasimama lenyewe, kwa sababu breki inarundika mchanga mbele ya tairi na unajijengea ukuta. Nikisimama, nisimame pua ikitazama mteremko ili kuondoka kuwe rahisi.

Kilima nikipande moja kwa moja, nikichukua mwendo chini na kupunguza karibu na kilele, maana ng'ambo unaweza kukuta shimo au mtu. Kikinishinda, nirudi kinyumenyume kwenye alama zangu zilezile, gia ya nyuma ikiwa imeingia, bila kukata kona. "Ukikata kona ubavuni mwa kilima," alisema, "gari linapinduka kama samaki kwenye kikaango." Na gari likianza kuteleza kiubavu, nielekeze usukani kule kwenye mteremko, nisishindane nalo.

Jioni aligonga ea klina mpaka vumbi likatoka kikombe kizima. Tukalala kambini chini ya nyota. Raha mustarehe.

TUKACHOMOKA NA GARI

Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri na wali wa mchana, Mjomba alijilaza. Rafiki yake naye akalala. Funguo zilikuwa juu ya meza. Binamu akanitazama, nami nikamtazama.

"Twende hapo nyuma ya kilima tu," nikamwambia. "Dakika ishirini."

Mke wa Mjomba akatuona tunaingia garini. "Mnakwenda wapi na jua hili?"

"Hapo tu, Mama, twarudi sasa hivi," binamu akajibu.

Msomaji wangu, hebu hesabu makosa. Gari moja badala ya mawili. Boneti hatukufungua. Pampu, ubao wa kuwekea jeki na mkanda wa kuvutia vyote tuliviacha kwenye gari la rafiki wa Mjomba. Sisi tulikuwa na chepe moja, jeki, tairi la akiba na chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Ilikuwa saa 8 mchana. Jua lilikuwa juu sana na vilima havina vivuli, kwa hiyo bonde na mteremko vinaonekana sawa, kama karatasi nyeupe. Kipimo cha joto ndani ya gari kilisoma 41.

Vilima vitatu vya kwanza nikavimeza. Binamu anapiga makofi, mimi nimefungua vifungo vya shati, kiyoyozi kinapuliza. Cha nne kikanikataa katikati. Badala ya kurudi nyuma kwenye alama zangu, nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka, mchanga ukaruka, na gari likaketi chini kama kuku anayetaga.

Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mgeni. Tairi likizunguka bila gari kusogea, haliendi mbele, linachimba. Ukiona halisogei, achia mafuta hapohapo. Ungeachia mapema ungechimba dakika tano. Ukiendelea mpaka tumbo la gari liguse mchanga, utachimba saa nzima.

Tulichimba karibu saa nzima. Tulitoa mchanga mbele ya tairi zote nne na nyuma yake, halafu chini ya tumbo, maana gari likikalia tumbo tairi hazina nguvu. Nikaamua kupunguza upepo zaidi. Wazo lenyewe halikuwa baya, maana ukikwama unaweza kushusha kidogo ukatoka. Baya ni kwamba nilishusha kwa kusikiliza mlio, bila kipimo. Nadhani nilifika 10 au chini yake. Gari likatoka kinyumenyume taratibu, nasi tukapiga kelele kama tumeshinda kombe.

Tungerudi kambini hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika.

TAIRI LAVUA NGUO

"Mara moja ya mwisho," nikasema. Nilikuwa nimeshaaibika mbele ya mdogo wangu, na bingwa wa Buguruni hawezi kurudi na aibu.

Nikazunguka kilima kwa upande mwingine, kwa kasi. Katikati ya ubavu nikaona mbele panazama. Nikaogopa, nikakata usukani kulia kwa nguvu. Nikasikia "pwaa!" na gari likainama upande wangu. Kwa sekunde mbili hivi niliona mchanga dirishani badala ya anga. Binamu alitamka shahada. Kisha gari likarudi, likasimama likiwa limeegemea kilima.

Tulishuka tukitetemeka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limechomoka kwenye ringi, limelala pembeni kama kiatu kilichovuliwa. Upepo ukiwa mdogo mno tairi halishiki ringi vizuri, na kona kali ndiyo inayolivua. Ndiyo maana Mjomba hashuki chini ya 12 hata siku moja, na hata hapo anakata kona kama amebeba mayai.

Tungekuwa na pampu, tairi hilo lingeweza kurudi. Unainua gari, unafuta mchanga wote kwenye ukingo wa tairi na ringi, unalikalisha sawasawa, unajaza upepo mpaka lilie "pa!" na kukaa. Lakini pampu ilikuwa kambini imelala pamoja na mwenyewe. Tukabaki na tairi la akiba.

Tukaweka jeki. Jeki ikazama. Tukaichomoa, tukaiweka tena, ikazama tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mzima anatembea na kipande cha ubao garini. Mwishowe binamu akasema, "Iache izame." Tukaiacha, ikashuka mpaka mchanga chini yake ukashindiliwa ukakataa. Halafu badala ya kuinua gari sana, tukachimba chini ya tairi lililoharibika mpaka likaning'inia. Tukalitoa, tukafunga la akiba. Hakuna aliyeingiza kichwa wala mguu chini ya gari, kwa sababu jeki ya mchangani haina uaminifu.

Tukashangilia kwa mara ya pili, tena mapema. Tairi la akiba lilikuwa na upepo wake wa lami. Kichwa changu kilikuwa kimechoka, sikukumbuka kulipunguza. Ngamia wetu sasa alikuwa na mguu mmoja wa punda.

REJETA YACHEMKA

Kila tulipojaribu kusogea, kona ile ya kushoto ilitumbukia. Nikaweka gia nzito ya fowili nikawa nasukuma tu. Injini inalia, kiyoyozi kinawaka, upepo wa jangwa unavuma kutoka nyuma yetu. Mshale wa joto ukapanda, mimi namtazama kilima. Binamu ndiye aliyeuona. "Kaka, angalia!" Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti.

Nikafanya alichokatazwa kila dereva duniani: nikashuka na kitambaa kwenda kufungua kifuniko cha rejeta. Binamu akanidaka mkono. "Utaungua uso!" Maji ya rejeta yanakuwa yamebanwa. Ukifungua yakiwa ya moto yanaruka kama chemchemi. Unasubiri mpaka bomba la juu linashikika kwa mkono.

Msomaji, dalili zikianza, mshale ukiwa bado haujafika mwisho, zipo njia. Zima kiyoyozi. Washa hita mpaka mwisho, kwa sababu hita nayo huchukua moto wa injini, ingawa wewe utaoka. Simama pua ikitazama upepo, gari likiwa limewashwa bila gia, lipoe polepole, maana ukizima ghafla maji hayazunguki na joto linabaki humohumo. Lakini kama maji yamekwisha au bomba limepasuka, zima mara moja. La kwetu lilikuwa limeshamwaga maji, ikabidi kuzima.

Ilikuwa saa 10 na nusu. Simu hazina mtandao hata chembe. Namba ya dharura ya Oman ni 9999, naijua kwa kichwa, lakini namba bila mtandao ni mapambo. Maji yalikuwa yamebaki chupa mbili. Lita tatu.

Nikasema, "Tutie chupa moja na nusu kwenye rejeta, ikipoa tuondoke."

Binamu akazikumbatia zile chupa. "Baba asema maji ya kunywa ni ya kunywa."

Tukagombana, msomaji. Mimi mkubwa, yeye mdogo, lakini jangwa ni lake. Nikamwambia, "Basi nakwenda kwa miguu. Kambi iko pale." Nikaonyesha kidole. Akasema, "Kaka, usende." Nikaenda.

Nilitembea hatua kama mia tatu, nikavuka mgongo wa kilima kidogo, nikageuka kumtazama. Sikuona gari. Nikatazama nyayo zangu ili nizifuate. Zile za karibu zilikuwepo, za mbali upepo ulikuwa umeshazijaza. Kulia kilima, kushoto kilima, vyote ndugu moja. Moyo ukanipiga paa! Nikafungua mdomo kuita, ulimi umekauka.

Halafu nikaona kitu chekundu kidogo juu ya mgongo wa mchanga kinapepea. Bendera ya Mjomba! Ile niliyoidhihaki. Nilikimbia kuifuata kama mtoto aliyepotea sokoni aliyeona kanga ya mama yake.

Binamu hakunicheka. Alinipa funda mbili za maji, tukakaa kwenye kivuli cha gari. Hatukutoka tena.

NINGEMWAMBIA NINI MDOGO WANGU?

Jua likazama. Tukawa tunawasha taa na kuzima kila baada ya muda, si mfululizo, ili betri isife. Nilifikiria mambo mengi. Nilimfikiria Mama anapigiwa simu. Nilifikiria kwamba tulichukua gari kwa ajili ya dakika ishirini za kujionyesha mbele ya mtu mmoja, tena ndugu yangu.

Karibu saa 2 usiku tuliona mwanga unapanda na kushuka kwa mbali. Magari mawili. Mke wa Mjomba alikuwa ameona tulikoelekea, na tulipochelewa alimwamsha mumewe. Wakafuata alama za tairi pale zilipobaki, na pale zilipofutika wakapanda juu ya vilima kutafuta taa.

Mjomba alishuka bila kusema neno. Akatupa maji, akasimama mpaka tumeyanywa, taratibu. Akamshika binamu kichwa. Akanishika mimi mabega yote mawili. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilisubiri kibao au matusi. Nilivitamani hata.

Akasema, "Mama'ko nilimwacha mgongoni mwa marehemu mama. Miaka hamsini na ushei, sijamfanyia kitu cha maana mdogo wangu. Leo kanileteya mwanawe. Ningemwambia nini?"

Msomaji wangu, nililia. Mwanamume mzima wa Buguruni nililia kwenye mchanga.

Baada ya hapo akafungua boneti kwa tochi. Mbele ya rejeta palikuwa pamejaa nyasi kavu na mchanga, kazi ya dakika tano ambayo yeye huifanya kila anapotoka. Akajaza maji kutoka kwenye dumu, injini ikiwa imepoa kabisa. Akashusha upepo wa tairi la akiba likalingana na wenzake.

Kisha wakaleta mkanda wa kuvutia, ule unaovutika. Wakaufunga kwenye ndoano za chesisi za magari yote mawili. Aliniamuru nisimame mbali, pembeni, si mbele wala nyuma ya mkanda. Kuna watu huufunga kwenye ile bomba ya mviringo ya kukokotea trela. Ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu. Rafiki yake akaondoka taratibu, mkanda ukajivuta, gari likachomoka kama jino bovu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kugusa lami, tulijaza upepo wote tena. Ukikimbia lami na tairi laini linapata moto na kupasuka. Safari hii mimi ndiye niliyepiga goti kwa kila tairi, kwa kipimo.

YASHIKE HAYA

Najua utasema Bongo hakuna jangwa. Lakini fukwe zipo, Kigamboni kila Jumapili gari linakalia tumbo huku bahari inajaa. Na siku moja na wewe utaalikwa. Basi kata kipande hiki ukiweke kwenye gari:

1. Usiende mchangani na gari moja. Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

2. Shusha upepo kwa kipimo kabla ya kuingia, kati ya paundi 15 na 18 kwa fowili ya kawaida. Ukishusha zaidi, usikate kona kali. Tairi la akiba likifungwa, lishushe nalo.

3. Beba pampu, chepe, ubao wa jeki, mkanda wa kuvutia na bendera. Visikae kwenye gari la mwenzio.

4. Tairi likizunguka bila kwenda, achia mafuta, shuka, chimba.

5. Kilima kikikataa, rudi kinyumenyume ulikotoka. Usigeuze ubavuni.

6. Safisha mbele ya rejeta na ea klina. Mshale wa joto uutazame kama unavyotazama simu yako.

7. Maji ya kunywa yawe mengi. Mjomba hubeba lita tano kwa kila mtu kwa siku, na dumu la gari ni mbali. Usiyachanganye.

8. Ukikwama kabisa, kaa na gari. Gari linaonekana kwa mbali, mtu haonekani.

Kijiweni bado nakaa, na jamaa bado wanajisifu. Ila wakifika kwenye mada ya mchanga mimi nanyamaza. Wananiuliza, "Bingwa, vipi?" Nawaambia bingwa yupo Oman, ana miaka sitini na kitu, na bado anapiga goti kwa kila tairi.

Mama, nisamehe kwa kukuficha. Mjomba aliniahidi hatakwambia, akasema nitakwambia mwenyewe nikiwa tayari. Nimekwambia. Mpigie simu kaka yako leo, umwambie mzigo ulifika salama.